Mafuta, pamba na ukame: Simiyu inavyobeba gharama za nishati ya kisukuku

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KILA Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila wilaya nchini. Katika orodha hiyo ndefu zimo pia Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, wilaya tano zinazounda Mkoa wa Simiyu.

Kwa mkazi wa Simiyu, tangazo hilo si habari ya wenye magari pekee. Ndani yake imo nauli ya bodaboda, gharama ya kusaga debe la mahindi, bei ya kukodi trekta na hata kiasi anachobaki nacho mkulima baada ya kuuza pamba yake.

Mkoa huu hauna kisima cha mafuta, hauna mgodi wa makaa ya mawe wala bomba la gesi. Hata hivyo, maisha yake yamefungamana na nishati hizo kwa namna mbili: inazinunua kwa bei kubwa kwa sababu ya umbali, na inapatwa na madhara ya moshi wake, ambao sehemu kubwa umetoka katika nchi za mbali.

Makala haya yanaeleza nishati hizo ni zipi, zinafikaje Simiyu, zinaathiri vipi uchumi na mazingira ya mkoa, na njia zipi zinatazamwa kupunguza mzigo huo.

Nishati ya kisukuku ni nini?

Nishati ya kisukuku ni jina la jumla la mafuta ya petroli, gesi asilia na makaa ya mawe. Zilitokana na mabaki ya mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini na majini kwa mamilioni ya miaka, vikabanwa na kupata joto hadi vikageuka.

Zinapochomwa hutoa nguvu kubwa kwa ujazo mdogo, na hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake. Lakini pia hutoa hewa ukaa, ambayo hubaki angani kwa muda mrefu na kuzuia joto la dunia lisitoke. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na ya dizeli takriban kilo 2.7.

Kabla ya mapinduzi ya viwanda, kiasi cha hewa ukaa angani kilikuwa karibu sehemu 280 kwa kila sehemu milioni moja. Sasa kimezidi 420. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilithibitisha kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa, wastani wa joto la dunia ukiwa umepanda kwa takriban nyuzi 1.55 kuliko ilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Mkoa na uchumi wake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Wilaya zake nyingi zilimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, ilhali Busega ilitoka upande wa Magu, mkoani Mwanza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha wamefika 2,140,497.

Wengi wao ni wakulima na wafugaji. Simiyu huongoza kwa uzalishaji wa pamba nchini, na ng'ombe ni akiba ya kaya nyingi za Wasukuma. Upande wa Busega, Ziwa Victoria hutoa samaki na dagaa, na mashariki mwa mkoa kuna Pori la Akiba Maswa linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Uchumi wa namna hii hutegemea mvua kwa upande mmoja na usafiri kwa upande mwingine. Pamba haina faida kwa mkulima mpaka itoke shambani, ifike kwenye kiwanda cha kuchambua, kisha marobota yasafirishwe hadi bandarini. Kila hatua ina pipa la dizeli nyuma yake.

Safari ya lita moja ya dizeli

Tanzania huagiza kutoka nje petroli na dizeli yote inayotumia. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilichojengwa Kigamboni, Dar es Salaam, katika miaka ya 1960 kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa eneo hilo hutumika kuhifadhi mafuta.

Tangu kuanza kwa mfumo wa uagizaji wa mafuta kwa pamoja, meli kubwa huleta shehena ya kampuni nyingi kwa mara moja kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Lengo lilikuwa kupunguza gharama za kila kampuni kuleta meli yake.

Bei ya pampu hujengwa kwa tabaka. Kwanza ni bei ya soko la dunia, kisha gharama za meli na bima, gharama za bandari, kodi na tozo za Serikali, faida ya wauzaji wa jumla na rejareja, na mwisho usafiri wa ndani. Kwa kuwa malipo hufanyika kwa dola, thamani ya shilingi nayo huingia katika hesabu.

Tabaka hilo la mwisho ndilo linaloitenganisha Bariadi na Dar es Salaam. Lori la mafuta linalokuja Simiyu husafiri zaidi ya kilometa 1,000, na lenyewe huchoma dizeli njia nzima. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Bariadi, na zaidi yule wa Mwanhuzi wilayani Meatu, hulipia lita ileile zaidi ya mwenzake wa Kigamboni.

Misukosuko ya soko nayo hufika huku. Agosti 2011, baada ya EWURA kushusha bei kikomo, baadhi ya kampuni ziliacha kuuza na nchi ikashuhudia misururu ya magari kwenye vituo. Mwaka 2021, Bunge lilipitisha nyongeza ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, fedha zilizolengwa kwa barabara za mijini na vijijini.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu zaidi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya dunia ilipaa na lita moja ya petroli nchini ikavuka Sh3,000. Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi kuanzia Juni 2022. Mwaka 2023 uhaba wa dola ulileta tena upungufu wa mafuta katika maeneo mbalimbali nchini.

Bei inavyoingia mfukoni

Mtu asiyemiliki chombo chochote cha moto anaweza kudhani mambo hayo hayamhusu. Ukweli ni kinyume chake.

Vijiji vingi husaga nafaka kwa mashine, na pale ambapo umeme haujafika mashine hizo huendeshwa kwa dizeli. Bei ikipanda, mwenye mashine ana njia mbili tu: kuongeza malipo kwa debe au kufunga. Anayebeba mzigo ni mama aliyekuja na mahindi kichwani.

Trekta la kukodi hutoza kwa ekari, na mwenye trekta huhesabu dizeli kwanza. Mkulima asiyemudu hurudi kwenye jembe la ng'ombe, ambalo kwa Usukumani ni msaada mkubwa, lakini ng'ombe dhaifu baada ya kiangazi kirefu hawalimi mapema. Anayechelewa kulima huchelewa kupanda, na anayechelewa kupanda katika ardhi yenye mvua chache huvuna kidogo.

Bodaboda nazo zimekuwa mguu wa vijijini. Ndizo zinazompeleka mgonjwa zahanati, mwalimu shuleni na mfanyabiashara mnadani. Dereva hununua mafuta kidogo kidogo, na mbali na vituo huyanunua kwa wauzaji wa chupa na vidumu, ambako bei haifuati tangazo la EWURA na hatari ya moto iko jirani.

Mbolea ni mlango mwingine. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia, hivyo gesi ilipopanda bei duniani, mbolea nayo ilipaa. Ndiyo maana msimu wa 2022/23 Serikali ilianzisha mpango wa ruzuku ya mbolea kwa wakulima.

Pamba yenyewe huuzwa kwa bei inayofuata soko la dunia. Mkulima wa Maswa hana uwezo wa kuongeza bei ya kilo kwa sababu dizeli imepanda. Gharama huongezeka upande wake, na bei hupangwa upande mwingine.

Kutoka koroboi hadi sola

Kwa miaka mingi mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa nishati ya kisukuku ya maskini. Koroboi na chemli ziliwaka katika nyumba za vijijini, na ziwani wavuvi wa dagaa walitumia karabai usiku kuwavuta dagaa kwenye wavu.

Mwanga huo ulikuwa na gharama yake. Moshi wa koroboi huumiza macho na mapafu, na visa vya nyumba za nyasi kuungua au watoto kunywa mafuta ya taa kwa bahati mbaya vilikuwa habari za kawaida.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2011. Wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo, na dizeli ili kupata faida. Neno "uchakachuaji" likaenea nchi nzima. Baada ya uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta kuanza mwaka 2010, bajeti ya 2011/12 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho.

Uchakachuaji ulipungua, lakini kaya zilizotegemea koroboi ziliumia. Bahati njema, taa za sola na za betri zilikuwa zinashuka bei katika kipindi hichohicho. Kwa kaya nyingi, na hata kwa wavuvi wa dagaa, sola ikachukua nafasi ya mafuta ya taa. Huu ni mfano wa wazi kwamba nishati ya kisukuku inaweza kuachwa haraka pale mbadala wake unapokuwa rahisi na uko dukani.

Umeme nao una mkono wake

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umepeleka nyaya katika vijiji vingi vya Simiyu. Swali ni umeme huo unatoka wapi.

Zamani nchi ilitegemea zaidi maporomoko ya maji. Ukame wa mwaka 2006, na tena mgawo mkali wa mwaka 2011, ulifundisha hatari ya kutegemea mvua peke yake. Gesi asilia ya Songosongo, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2004, na baadaye bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015, viliifanya gesi kuwa nguzo ya gridi ya Taifa.

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024 na kubadili tena uwiano huo. Kwa maana hiyo, mashine ya kusaga inayohamishwa kutoka dizeli kwenda umeme mjini Bariadi hupunguza gharama na moshi kwa pamoja.

Tatizo la Simiyu limekuwa umbali wa kutoka vituo vikubwa vya kupozea umeme. Njia ndefu hupoteza nguvu, na hitilafu moja huweza kuzima eneo kubwa. Mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Shinyanga hadi Simiyu umekusudiwa kuondoa kasoro hiyo. Pale umeme unapokatika, jenereta hurudi kunguruma na dizeli huanza kuhesabiwa upya.

Moshi, mvua na ziwa

Madhara ya kwanza ya mafuta ni ya karibu. Moshi wa dizeli una chembe ndogo ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu. Nchi ilipiga hatua ilipoacha petroli yenye madini ya risasi katikati ya miaka ya 2000, pamoja na nchi nyingine za Kusini mwa Sahara, na viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2015 vilishusha kiasi cha salfa kinachoruhusiwa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta ni safi zaidi, ingawa magari na pikipiki chakavu bado hutoa moshi mzito.

Oili chafu ni kero nyingine. Gereji nyingi za mitaani humwaga oili iliyotumika ardhini. Katika mkoa ambao watu wengi hutegemea visima vifupi, malambo na mito ya msimu, kila tone linalozama lina uwezekano wa kurudi kwenye ndoo.

Madhara ya pili ni ya mbali na makubwa zaidi. Kwa wastani Mtanzania mmoja husababisha robo ya tani hivi ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na nishati ya kisukuku. Wastani wa dunia ni karibu tani tano, na wa Mmarekani karibu tani 14. Mkulima wa Itilima yuko chini hata ya wastani wa Taifa.

Lakini ndiye aliye hatarini zaidi. Sehemu kubwa ya Simiyu, hasa Meatu, ina mvua chache na zisizotabirika. Joto likiongezeka, unyevu wa ardhi hupotea upesi, malambo hukauka mapema na malisho hupungua. Wanasayansi wanaeleza kuwa dunia yenye joto zaidi hufanya mvua kubwa ziwe kubwa zaidi na vipindi vya ukavu viwe vikali zaidi, hali inayomchanganya mkulima ambaye kalenda yake ni ile aliyorithi kwa wazazi.

Ziwa Victoria lilionyesha upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2020 maji yake yalipanda hadi kiwango cha juu kisichoonekana kwa miongo kadhaa, yakameza mashamba na makazi ya ufukweni katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Ni kwa kuzingatia hatari hizo kwamba mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi (GCF) uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100 kwa ajili ya mradi wa kustahimili mabadiliko ya tabianchi Simiyu, kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani (KfW) na Serikali. Kiini chake ni kuvuta maji ya Ziwa Victoria hadi wilaya za mkoa huo. Pampu za mradi wa aina hiyo zinahitaji umeme wa uhakika, na hapo habari ya maji inakutana tena na habari ya nishati.

Kuni, mkaa na mtungi wa gesi

Si kila uharibifu wa mazingira Simiyu umetokana na mafuta. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o na kupisha mashamba ya pamba. Ilipofika miaka ya 1980, Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ilikuwa ikitajwa kama jangwa linalokuja. Wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na mahali pengine mabua ya pamba na samadi vikawa nishati ya kupikia.

Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliotekelezwa kati ya mwaka 1986 na 2004, ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lipumzike. Kutoka takriban hekta 600 za ngitili zilizorekodiwa mwanzoni, eneo hilo lilizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Urithi huo sasa uko katika shinikizo jipya la miji inayokua na kutaka mkaa. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na mwaka huohuo ikazindua mkakati wa Taifa wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. REA imekuwa ikisambaza mitungi ya gesi kwa bei ya ruzuku vijijini.

Hapa pana jambo la kutafakari. Gesi ya mitungi ni zao la petroli, huagizwa kutoka nje kwa dola na husafiri barabara ileile ndefu. Inaokoa miti na mapafu ya mama jikoni, na kwa kipimo hicho ni nafuu ya kweli. Lakini inaiunganisha jiko la Simiyu na soko la dunia ambalo mwaka 2022 lilionyesha makali yake. Kaya ambayo mtungi wake umeisha na haina fedha za kujaza hurudi kwenye kuni siku hiyohiyo. Majiko banifu, majiko ya umeme yenye matumizi madogo, bayogesi kwa wafugaji na ngitili zenyewe hazipaswi kusahauliwa.

Je, kuna mafuta Meatu?

Wakati mkoa ukilipia mafuta ya wengine, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likitafuta mafuta na gesi katika bonde la Eyasi Wembere, linalogusa mikoa ya Arusha, Singida, Tabora, Shinyanga na Simiyu. Visima vifupi vya utafiti wa miamba vilichimbwa, kimoja kikiwa Nyalanja, wilayani Meatu.

Utafiti si ugunduzi. Miaka mingi huweza kupita kati ya kisima cha kwanza na pipa la kwanza, na mara nyingi pipa hilo halipatikani. Jirani yetu Uganda ilitangaza ugunduzi wa mafuta kibiashara mwaka 2006, na bomba lake la kilometa 1,443 kwenda Tanga, linalopita mikoa minane ya Tanzania bila kugusa Simiyu, lilichukua karibu miongo miwili kufikia ujenzi.

Endapo mafuta yatapatikana, wilaya itatarajia tozo ya huduma, ajira na barabara. Lakini vurugu za Mtwara za Januari na Mei 2013 kuhusu bomba la gesi zinakumbusha nini hutokea wananchi wanapoahidiwa mengi na kuelezwa machache. Meatu pia ni makazi ya baadhi ya Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya, na ina maeneo ya wanyamapori yanayoungana na ikolojia ya Serengeti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kama huo, na wananchi washirikishwe.

Njia iliyo mbele

Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, na mwaka 2021 iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Kwa mkoa kama Simiyu, hoja nzito zaidi si kupunguza moshi ambao tayari ni mdogo. Ni kupunguza utegemezi wa bidhaa ambayo bei yake hupangwa mbali.

Reli ya kisasa ni sehemu ya jibu. Kipande cha Isaka hadi Mwanza kinapita Malampaka, wilayani Maswa, mahali ambapo reli ya zamani ilipakia pamba tangu enzi za ukoloni. Treni za umeme zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 zikifika huko, robota la pamba litaweza kwenda bandarini bila lita nyingi za dizeli.

Jua ni sehemu nyingine. Pampu za sola kwa visima na bustani za ufukweni Busega, na mashine za kusaga zilizounganishwa na umeme, ni mambo ambayo halmashauri, vyama vya ushirika vya msingi na watu binafsi wanaweza kuyaanza bila kusubiri mradi mkubwa.

Hadi hayo yatakapokamilika, mkulima wa Bariadi ataendelea kutazama mambo mawili ambayo hana mamlaka nayo: mawingu upande wa ziwa na bei mpya ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi.